KUZIMA THEMOSTATI SI KUKATA STIMA



Kuna neno ambalo wasimamizi wengine hupenda kumwambia fundi: "Zima themostati tu, kisha endelea na kazi." Neno hili ni la hatari, na yafaa kila mfanya kazi ajue kwa nini.

Chukueni mfano wa nyumba za Uingereza, ambako nyumba nyingi hupashwa moto kwa maji. Boila hutia maji moto, na pampu huyazungusha katika mabomba mpaka kwenye vyuma vya joto vya ukutani. Nyumba kubwa hugawanywa sehemu: chini, orofani, na tangi la maji ya kuoga. Kila sehemu ina themostati yake, yaani swichi inayofuata joto, na valvu yake yenye mota.

Themostati ikitaka joto, valvu hufunguka, na ikiisha kufunguka hubana swichi ndogo iliyo ndani yake. Swichi hiyo ndiyo huwasha boila na pampu. Swichi ndogo za valvu zote zimeunganishwa pamoja, ili sehemu yo yote ikitaka joto pampu iende, na zote zikifungwa isisukume maji bure.

Mpango huo ni mzuri, lakini tazameni mtego wake. Kwa kawaida valvu hiyo ina nyaya tano. Waya wa kijivu una stima wakati wote, hata themostati ikiwa imezimwa. Waya wa rangi ya machungwa umefungwa pamoja na ule wa valvu nyingine. Kwa hiyo watu wa orofani wakitaka joto, waya wa machungwa wa valvu ya chini nao una stima. Tena boila nyingi huendesha pampu kwa muda baada ya moto kuzimika. Fundi aliyeamini themostati atashika volti 230 kwa mkono mtupu.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, boila, pampu, valvu na saa zipate stima kutoka swichi moja tu yenye fyuzi, inayokata nyaya zote mbili. Pili, swichi izimwe, na fundi atie fyuzi mfukoni mwake. Tatu, apime kwa testa aliyoijaribu kwanza mahali penye stima, na baada ya kupima aijaribu tena. Rangi ya waya haimwambii mtu kama stima imekatika.

Tajiri atasema hayo yanapoteza wakati. Sisi twasema wakati huo ni kazi, na ulipwe kama kazi. Anayelipa kwa kipande na kuhimiza haraka ndiye anayemfanya fundi aruke kupima.

Wala jambo hili si la Waingereza peke yao. Plagi yetu ya pini tatu ilitoka kwao, na stima yetu ni ya volti 240. Pampu yo yote ya hoteli au kiwanda iliyo na swichi nyingi yaweza kuwa na mtego huo huo. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi akiona hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale kabla hatari haijaondolewa.

Basi ndugu, mmoja akikataa peke yake ataitwa mvivu. Tukikataa wote, itakuwa desturi ya kazi. Umoja ni nguvu.