TAHARIRI: MATAIRI YA TREKTA YETU NI YA JEMBE AU YA TELA?

Ndugu wanachama,

Jumamosi ijayo tuna mkutano mkuu. Ajenda ya tatu ni kununua matairi ya trekta yetu ndogo. Tumesikia watu wakisema, ati hilo ni jambo la fundi na dereva, mkulima linamhusu nini? Linamhusu sana. Kwanza, fedha zitakazotumika ni za mpunga wetu na mahindi yetu. Pili, tairi ndilo linaloamua trekta itamtumikia nani.

Tuseme hali ilivyo. Matairi ya nyuma yamekuwa kipara. Masika iliyopita trekta iliposhuka bondeni, magurudumu yalizunguka palepale, dizeli ikaisha na udongo haukugeuka. Dereva akaipandisha, akalima mashamba ya juu peke yake. Wenye mashamba ya bondeni, na wengi wao ni akina mama, walirudi kwenye jembe la mkono na wakapanda kwa kuchelewa. Hao nao ni wanachama. Hisa zao ni sawa na za wengine.

Sasa kuna mfanyabiashara wa mjini anayetuuzia matairi ya mtumba kwa bei nafuu. Ni matairi yenye kashata pana na fupi, ya mashine za kubeba vifusi na za barabarani. Wenzetu wanaoyataka wana hoja, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema trekta ikifungwa tela na kubeba mchanga na matofali, fedha inaingia kila wiki, wakati shamba linalipa mara moja kwa mwaka. Ni kweli. Lakini tujiulize: trekta hii tuliinunua ifanye kazi gani? Tukijibu hilo, tairi litajichagua lenyewe.

Matairi ya trekta yana aina zake, na aina huandikwa ubavuni. R-1 ni tairi la shamba. Kashata zake ni ndefu, zimelala mshazari, na nafasi kati yake ni kubwa ili tope lidondoke gurudumu likizunguka. R-2 ni la mpunga na miwa. Kashata zake zina kina karibu mara mbili ya R-1. Linashika vizuri sana kwenye maji, lakini barabarani linalika upesi na kumtikisa dereva. R-3 ni la viwanja vya majani. Haliumizi majani, lakini kwenye tope ni sawa na kuvaa kandambili. R-4 ndilo analotuletea yule bwana. Ubavu wake ni mgumu, linastahimili mzigo na barabara. Lakini tope la bondeni likijaa kati ya kashata halitoki, na hapo tairi jipya linakuwa kipara kwa dakika moja.

Sisi tuna mahindi juu na mpunga chini, na trekta ni moja. Kwa hiyo tunasema wazi: linalotufaa ni R-1. Kwa kuvuruga majaruba yenye maji tufunge magurudumu ya chuma, ambayo fundi anaweza kuyachomelea, halafu tuyafungue kazi ikiisha. Hayo yasipelekwe barabarani hata hatua moja.

Jambo la pili ni namba. Tairi likiandikwa 11.2-24, maana yake upana ni inchi 11.2 na rimu ni inchi 24. Kitabu cha trekta kinasema namba ipi inatakiwa, mbele na nyuma. Trekta yetu inavuta kwa magurudumu yote manne, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yamepangiwa mwendo unaopatana. Ukibadilisha kipimo cha nyuma ukaacha cha mbele, yatavutana siku nzima, na anayeumia ni giaboksi. Kwa sababu hiyo pia hatukubaliani na wanaosema tununue mawili mapya na mawili yaliyochakaa yabaki, kisha trekta ifanyishwe kazi hivyo hivyo. Akiba ya namna hiyo huliwa na spea.

Matairi mengi yana pia namba nne zinazoonyesha tarehe ya kutengenezwa. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Asiyesoma namba hizo atauziwa uzee kwa bei ya ujana. Sisi tuliopitia kisomo cha watu wazima tunazisoma bila taabu, basi na wengine wasione haya kuinama na kusoma. Kisomo si cha kusomea barua tu. Tukague na mipasuko kati ya kashata, na uvimbe ubavuni. Kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na matairi mengi ya trekta madukani yanatoka nchi za nje. Yanapita mikono mingi kabla ya kutufikia. Macho yetu ndiyo mkaguzi wa mwisho.

Jambo la tatu ni matunzo, maana hata tairi zuri huharibiwa na upepo mbaya. Tumezoea kujaza mpaka tairi lilie kama ngoma. Hiyo si sawa. Uzito unaokandamiza udongo wa juu unakaribia kuwa sawa na upepo uliomo ndani ya tairi. Upepo ukizidi, kashata chache ndizo zinazogusa ardhi, trekta inateleza, na udongo unashindiliwa mpaka mizizi inashindwa kupenya. Matairi ya nyuma ya trekta ndogo kwa kawaida yanafanya kazi shambani kwa ratili 12 hadi 20. Kipimo kamili kiko katika kitabu, na kikiwa kwenye tela yenye mzigo huongezwa. Kwa hiyo geji ya upepo inunuliwe siku moja na matairi, ikae kwa dereva, siyo kwa mwenyekiti.

Tena matairi yafungwe kwa upande wake. Ukisimama nyuma ya trekta, kashata zionekane kama mshale unaoelekea juu. Zikigeuzwa, zinakusanya tope badala ya kulitupa. Na kama bado trekta ni nyepesi, tairi la nyuma laweza kutiwa maji hadi robo tatu. Tairi la 11.2-24 linachukua zaidi ya lita 100, na kila lita ni kilo moja. Uzito huo ni wa mtoni, haununuliwi.

Mwanachama yeyote anaweza kupima kazi ya matairi haya. Chora alama ya chokaa kwenye gurudumu la nyuma. Trekta ikiwa inalima, hesabu mizunguko 10, weka kijiti mwanzo na mwisho. Kisha plau iinuliwe, trekta ipite umbali ule ule. Ukipata mizunguko 9 au 8 na nusu, mambo ni mazuri. Ukipata 7, basi katika kila mizunguko 10 mitatu imepotea bure, na dizeli yake imelipwa na ushirika.

Ndugu wanachama, hatukatai tela. Ibebe mazao ya wanachama kwenda ghalani, na baada ya kulima ibebe mchanga pia, kwa zamu iliyoandikwa na fedha iliyokatiwa risiti. Lakini wakati wa kulima, trekta ni ya jembe. Matairi ya mtumba ni rahisi leo. Msimu wa bondeni ukipotea, hakuna duka linalouuza.

Tunapendekeza mkutano uamue: matairi manne ya R-1, kwa namba zilizomo kitabuni, yakaguliwe na watu watatu kabla ya kulipiwa, na angalau mmoja wao awe mwenye shamba la bondeni. Mwenye mawazo tofauti aje ayaseme mkutanoni, siyo kilabuni.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, uwanja wa ghala. Kila mwenye hisa afike.

USHIRIKA NI NGUVU.