King George tena? Tumechoka jamani!

Mitihani imekwisha, hasira bado. Wazee wa baraza nilishawazoea, lakini sasa hata wenzetu hapa chuo wameambukizwa. Ikitajwa Lumumba tu, utasikia: "Aaah, skuli ilikuwa King George bwana, siku hizi kuna skuli?"

Mie nauliza, ilikuwa skuli ya nani? Mwingereza aliipa jina la mfalme wake, George wa Sita, na iko hapahapa Ng'ambo. Lakini watoto wengi wa Ng'ambo wakiipita njiani tu. Nafasi za sekondari zilikuwa chache na mtihani wa kuingilia ukichuja kama chekecheke. Sasa ukishachuja hivyo, ukawapa na walimu wa kutosha, Kiingereza kitakosaje kuwa kizuri? Hata mie ningeng'ara!

Yakaja Mapinduzi, Januari 1964. Skuli ikapewa jina la Lumumba wa Kongo, aliyeuliwa Januari 1961 akiwa na miaka 35 tu (wangapi waliopita pale wanamjua? haya, hiyo ngoma ya siku nyengine). Tarehe 23 Septemba 1964 Karume akatangaza elimu bila malipo. Watoto wakamiminika, na wakati huohuo walimu wengi wakahama visiwa. Vijana waliotoka kumaliza masomo juzi wakasimamishwa mbele ya ubao. Kiwango kilishuka, sikatai. Lakini kilishuka kwa kukosa walimu, si kwa sababu mtoto wa mchukuzi kaingia darasani!

Na nyinyi wa upande wa pili msinipigie makofi haraka. Baada ya Mapinduzi nafasi za sekondari ziligaiwa kwa asili ya mtu. Mtoto kafaulu, anaulizwa babu yake katoka wapi. Wallahi hiyo ni dhulma ileile, mlango uleule, bawabu mwengine tu. Mbona hiyo hamuisemi kwenye sherehe?

Kinachonikera hasa ni kwamba majungu haya ya King George yanampa kila mtu pa kujificha. Skuli za mjini zimesomesha mikondo miwili, asubuhi na mchana, miaka nenda miaka rudi, halafu mtu mzima anakaa na kahawa yake analilia jina la mfalme. Lilia walimu wa fizikia basi! Lilia maabara!

Mzee akikuanzia tena, muulize kwa adabu: mtaani kwenu, shikamoo babu, waliingia wangapi?