Kipande cha kikwembe kina jina

Hapa Mubambiro na Sake jamaa nyingi zilikimbia vita na kikwembe kimoja au viwili tu: cha kubebea mtoto, cha kufungia vyombo, cha kujifunika usiku. Foto zilibaki nyumbani. Basi historia ya jamaa tutaionyesha watoto kwa kitu gani? Kwa hicho kitambaa.

Juma hili kila kikundi kijaribu kazi moja. Chukueni gunia safi. Juu yake shoneni vipande vya vikwembe vilivyochakaa: cha koko, cha mama, cha kubebea mtoto wa kwanza. Ongezeni kifungo cha shati la baba, shanga, ganda kavu la mgomba. Pembeni ya kila kipande, andikeni kwa uzi jina la mwenyewe na la kijiji chake.

Lakini kabla ya sindano, muulizeni koko: alikinunua soko gani? Alikivaa siku gani? Bila majibu hayo, mtoto ataona kitambara tu.

Na yule aliyepoteza vyote? Huko Kasai, kwa Wakuba, wanaume hufuma nguo za rafia na wanawake huzipamba. Nguo ikitoboka, waliweka kiraka, na viraka vikageuka kuwa pambo. Nawe shona kiraka kitupu chenye jina la mtu wako. Pengo nalo ni historia.

Koko akienda, majina yanaenda naye. Tukae naye juma hili.