Kabla ya akili mnemba, picha ya kwanza iko wapi?

Jamani, vijana wa kompyuta wakikutana hapa kisiwani hakosi mmoja mwenye wazo la programu ya akili mnemba itakayotambua uvimbe wa ubongo. Makofi, picha, kwaheri. Mimi nimechoka!

Kutambua ni kazi ya siku moja. Kuna uvimbe wa ubongo unaokua polepole, glioma ya daraja la pili. Mara nyingi hujitokeza kwa kifafa, na mgonjwa huishi nao miaka mingi, akifuatiliwa kwa MRI kila baada ya miezi kadhaa. Kazi yenyewe iko hapo.

Piga hesabu nami. Usipotibiwa, kipenyo chake huongezeka kwa wastani wa milimita 4 hivi kwa mwaka. Kwa miezi 6 ni milimita 2. Kipande kimoja cha picha katika MRI nyingi za kawaida kina unene wa milimita 5 hivi, na kichwa kikilazwa upande kidogo tu, tofauti yote imepotea. Daktari akilinganisha picha ya leo na iliyotangulia peke yake, ataandika hakuna mabadiliko. Mara ijayo vilevile. Baada ya miaka mitatu uvimbe umeongezeka zaidi ya sentimita moja, na kila ripoti ilisema salama.

Dawa yake ni kulinganisha na picha ya kwanza. Nayo iko wapi? Katika bahasha ya kaki juu ya kabati Kibokoni, inakula unyevu wa bahari. Au katika CD, na kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuitia.

Msiniambie habari ya gharama. Tuseme kila uchunguzi ni megabaiti 300. Mara mbili kwa mwaka kwa miaka 10 ni gigabaiti 6. Kadi ya simu yako inabeba. Orthanc, programu ya kuhifadhi picha hizi, ni ya bure tangu 2012. Kebo ya TEAMS ilitufikia kutoka Fujairah mwaka 2009, na bado picha ya ubongo inapanda matatu mapajani mwa mgonjwa! Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo haikatazi kuhifadhi. Inataka sababu halali na ulinzi.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la dawa ya vorasidenib, watu 331. Waliopewa dawa walikaa miezi 27.7 kabla ugonjwa haujasonga mbele, wengine 11.1. Marekani iliipitisha 2024. Kilichoamua ni picha zilizotunzwa na kulinganishwa na wasomaji wasiojua nani kapewa nini. Afrika haikuwemo. Na dawa hiyo ikishushwa Kilindini kesho, tutaipima kwa bahasha?

Basi anayetaka kuandika programu ya ubongo aanze na kazi isiyo na makofi: nambari moja ya mgonjwa, isiyobadilika kituo kwa kituo. Maana hapa Mji wa Kale mtu mmoja ni Mohamed huku, Muhammad kule, na Mohd kwenye risiti.