Mgeni aje Nyasa, na mwenyeji apone

Kuna kasumba moja ambayo haijawatoka Watanzania wengi, hasa waliopata bahati ya kusoma au kufanya kazi ng'ambo. Kijana akiwa Ulaya au Marekani, likizo inapofika, huungana na marafiki watatu au wanne, wakakodi gari, wakachanga fedha za petroli, na kwa juma zima wakapanda milima ya watu, wakalala kwenye mahema kando ya maziwa ya watu, na kupiga picha za kila bonde wanalolipita. Arudipo nyumbani huwasimulia ndugu na jamaa uzuri wa nchi za wenzao. Lakini kijana huyo huyo akiulizwa kama amewahi kufika Mbamba Bay, hujibu kwamba kule ni mbali.

Hakuna ubaya wowote katika kutembelea nchi za watu. Kutembea ni elimu, na mwenye kutembea na wenzake hujifunza pia subira na kugawana kidogo kilichopo. Jambo la kusikitisha ni pale mtu anapoamini kwamba safari ya namna hiyo haiwezekani ila ugenini, kana kwamba milima yenye ukungu na maji ya buluu vilikwisha kugawanywa, na Tanzania ikabaki na mbuga za wanyama za kaskazini tu.

Ukweli ni kinyume chake. Marafiki wanaoondoka Dar es Salaam kuelekea Ruvuma watakata Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inapita katikati ya wanyama kwa kilometa zipatazo 50, watapita kwenye mibuyu ya bonde la Ruaha, watapanda Kitonga, na baada ya Iringa na Makambako watakutana na baridi ya Njombe kabla ya kuteremka Songea. Hapo Songea yapo Makumbusho ya Majimaji, yanayowakumbusha wapita njia kwamba mwezi Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya wazee na majemadari wa Kingoni kwa kosa la kukataa kutawaliwa. Kutoka Songea njia huelekea magharibi kupitia Peramiho hadi Mbinga, na kutoka Mbinga huteremka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Zamani sehemu hiyo ya mwisho ilikuwa ya matope na utelezi, na masika yakikolea magari yalikwama. Leo udhuru huo umekwisha. Lami ya Peramiho hadi Mbinga ilikamilika katika muongo wa 2010, na lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa zipatazo 66, ikafuata mwanzoni mwa muongo wa 2020.

Atakayekwenda Mbinga asikimbilie ziwani tu. Aiache lami kidogo, aingie kata kama ya Mpepai, atazame mashamba. Huko Umatengoni ataona jambo ambalo wataalamu wa kilimo wametoka Japani na kwingineko kuja kulichunguza, yaani kilimo cha ngoro. Katika karne ya 19 Wamatengo walibanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni, wakalazimika kupata chakula chao kwenye miteremko mikali ambayo mvua moja tu ingeweza kuikomba udongo wote. Wakabuni njia yao. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana kama nyavu. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikwa juu ya nyasi hizo. Mlima mzima hugeuka kuwa mashimo na matuta. Mvua inyeshapo maji hutulia ndani ya mashimo badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zinazooza chini ya matuta huwa mbolea ya maharage, na baadaye ya mahindi. Kazi hiyo haikufundishwa na bwana shamba yeyote wa mkoloni. Ni akili na jasho la wakulima wenyewe, na sehemu kubwa ya jasho hilo ni la akina mama, maana kwa desturi wao ndio washikao jembe la kuchimba mashimo.

Juu ya ngoro hizo iko mibuni. Kahawa ya Mbinga ndiyo iliyowasomesha watoto wa wilaya hiyo, na ushirika wa wakulima wa Wangoni na Wamatengo ulianza tangu mwaka 1936. Mtu anayelipa fedha nyingi kwa kikombe cha kahawa katika mji wa Ulaya, na asiwahi kuuona mkono unaoichuma, amepungukiwa na jambo la maana katika elimu yake.

Ndipo ziwa. Nyasa ni ziwa la tatu kwa ukubwa barani Afrika, lenye kina kinachozidi mita 700, na aina za samaki zilizomo ni nyingi kuliko za ziwa lolote duniani. Baadhi ya samaki wadogo wa rangi rangi waishio katika miamba yake husafirishwa wakiwa hai, wakawekwe ndani ya vioo katika nyumba za matajiri wa ng'ambo. Mtoto wa Mbamba Bay huwaona bure kila anapooga.

Ufukwe huo una historia pia. Pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa lililofanana na sanamu ya Misri, ndipo mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Hivyo ndivyo ugomvi wa mabwana wa Ulaya ulivyowafikia wavuvi wa Nyasa, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu.

Hata hivyo, anayetaka kuliona ziwa hili mara nyingi huelekezwa upande wa Malawi. Wenzetu wa huko walitenga hifadhi ya taifa kusini mwa ziwa mwaka 1980, na mwaka 1984 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Vijana wa Kizungu wanaozunguka Afrika kwa magari makubwa huvuka mpaka wa Kasumulu, wakaenda kupiga kambi Nkhata Bay na Cape Maclear. Watanzania wenye uwezo nao huwafuata. Maji ni yale yale, na jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulijitangaza mapema, na upande wa pili ulisubiri barabara.

Sasa barabara ipo, na wageni wameanza kuja. Hapo ndipo penye swali kubwa kuliko uzuri wa milima. Je, mwenyeji atapata nini?

Swali hilo si geni katika nchi hii. Mwaka 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mabishano makali katika gazeti kuhusu utalii, na mwaka 1973 mabishano hayo yakachapishwa kuwa kitabu chini ya uhariri wa Issa Shivji. Walioupinga utalii walihofia kwamba utawageuza wananchi kuwa watumishi wa kubeba mizigo na kuchekea wageni, huku faida ikirudi ilikotoka. Waliouunga mkono walisema kwamba nchi maskini haiwezi kuidharau fedha ya kigeni. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na inadhihirika kwamba pande zote mbili ziliona sehemu ya ukweli. Fedha imekuja kweli. Lakini katika fukwe nyingi za Afrika Mashariki, mvuvi aliyeuza kiwanja chake kwa bei ya kutupa leo anapita nyuma ya ukuta kwenda kutafuta mahali pa kuegesha mtumbwi.

Nyasa bado haijafika huko, na kwa sababu hiyo huu ndio wakati wa kusema. Ufukwe si kiwanja kitupu kinachongoja hoteli. Ni bandari ya mitumbwi, ni mahali pa kuanikia dagaa, na ni kisima cha kina mama. Sheria za nchi zinamlinda mwananchi akizijua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaagiza kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo haimruhusu mgeni kumilikishwa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa kisheria. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenyekiti wa kijiji anayetia sahihi gizani, pasipo mkutano, anauza kitu kisicho chake.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yatawatisha wageni na wenye mitaji. La hasha. Mwenye nia njema haogopi mkutano wa kijiji. Nyumba ndogo za kulala wageni, zinazomilikiwa na wananchi au na ushirika wao, zinaweza kumpokea msafiri vizuri. Kahawa iliyokaangwa Mbinga inaweza kuuzwa Mbinga. Na kijana wa Mpepai anayejua ngoro za babu yake anaweza kumwongoza mgeni na kumfafanulia, akalipwa kwa maarifa yake wala si kwa kubeba mzigo. Wataalamu na viongozi wanaohusika wana wajibu wa kuwasaidia wananchi hao kwa mikopo na mafunzo kabla ya kumkaribisha mwekezaji mkubwa.

Wasafiri nao wana wajibu wao. Gari linaloteremka kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani huteremka mamia ya mita kwa safari fupi, mara nyingi ndani ya ukungu, nayo breki ikichoka haisikii utani wa marafiki. Upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti umekwisha kuzamisha mitumbwi ya wenyeji waliozaliwa majini, sembuse mgeni wa siku mbili. Kichocho kipo katika sehemu zenye maji yaliyotulia na majani. Mwenye busara huuliza kwanza, akawasikiliza wavuvi. Vilevile, mtu haingii shambani mwa mwenzake na kumpiga picha akiwa ameinama na jembe, kana kwamba ni mnyama wa porini. Husalimu, huomba ruhusa, na akikaribishwa ugali na mbasa hula, akashukuru na kulipa ipasavyo.

Tena isidhaniwe kwamba safari hizi ni za wenye magari tu. Marafiki wanne wakichangiana nauli ya basi wanafika. Shule za sekondari za Songea na Njombe zinaweza kupanga ziara ya siku mbili, na mwanafunzi akasoma somo la hifadhi ya udongo akiwa amesimama ndani ya ngoro yenyewe. Vyama vya ushirika vya mikoa mingine vinaweza kupeleka wakulima wao, wakajionee jinsi mlima unavyolimwa pasipo kuuawa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame. Watanzania walioko ng'ambo watakaporudi likizo, na waungane na marafiki zao, wa hapa na wa huko, wakaifuate njia ya Mbinga. Na wananchi wa Nyasa wawapokee kwa ukarimu wao wa siku zote, hati za ardhi yao zikiwa salama mikononi mwao.