Zinki ya kichwani: nani anasoma etiketi?

Kwa mtu wa Lubumbashi, zinki ni neno la mgodi. Ni Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini, mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, ukafungwa 1993, kisha ukaanza tena kutoa madini 2024. Lakini zinki iko pia katika shampuu nyingi za kuondoa mba.

Kampuni ya Marekani Procter & Gamble ilifanya utafiti karibu miaka kumi kabla ya kuleta Head & Shoulders sokoni mwaka 1961. Nguvu yake ilitoka kwa kiungo kinachoitwa pirithioni ya zinki. Kiungo hicho hupunguza fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kichwa na kula mafuta yake, ambao kwa watu wengi ndio huleta mba.

Tangu tarehe 1 Machi 2022, Umoja wa Ulaya umekataza kiungo hicho katika vipodozi. Kamati yake ya wanasayansi ilisema kwamba asilimia 1 ndani ya shampuu ya kuoshwa na maji haina hatari. Hata hivyo kiungo kiliwekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi, na sheria ya Ulaya hairuhusu vitu vya kundi hilo ikiwa kuna kingine cha kuchukua nafasi yake. Kilikuwepo, na huko chapa ikabadilisha kiungo. Marekani, kwa upande wake, inaendelea kukiruhusu kwa kiwango kilichopangwa.

Kwa hiyo si lazima mtu atupe chupa yake leo. Shida ni nyingine: jina moja la chapa linaweza kubeba viungo tofauti, kufuatana na nchi ambako chupa ilitengenezewa. Mama anayenunua katika soko la Kenya au Katuba anaona jina na rangi, basi.

Ulaya imeamua, Marekani imeamua, na kila upande umewaeleza raia wake sababu. Raia wa Kongo naye anastahili maelezo hayo. Wizara ya Afya iseme wazi kiungo gani kinakubaliwa na kwa kiwango gani. OCC, inayokagua bidhaa pale Kasumbalesa, idai etiketi zinazosomeka, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Wakati wa kungoja, mnunuzi ageuze chupa na kutafuta maneno "zinc pyrithione". Mji unaoishi kwa madini usishindwe kuyatambua yanaporudi yakiwa ndani ya chupa.