Rudisheni Dumu Kwenye Picha

Nina kesi na sisi tunaopiga picha za maji. Nasema sisi kwa sababu mshtakiwa wa kwanza ni mimi.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nashuka Mlandizi, Kibaha, kupiga picha Mto Ruvu. Kanuni nilizijua: mstari wa upeo usikate picha katikati, mbele kuwe na kitu cha kulipa jicho pa kuanzia, shata ikae wazi sekunde kadhaa mpaka maji yalainike kama maziwa. Na kanuni kuu: safisha fremu. Basi nikaondoa tope la ukingoni, nguzo, dumu la njano, mtu. Maji ya kahawia nikayageuza buluu kwenye simu.

Siku moja Kisarawe, kwenye bwawa dogo, akaja mama na ndoo kichwani.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba upite pembeni kidogo, napiga picha."

"Marahaba. Haya baba, ila fanya haraka, nina safari ya pili."

Akasogea. Picha ikapendwa sana. Lilionekana bwawa lisilohitajiwa na yeyote.

Ikaja Oktoba 2022. Mvua zilichelewa, Ruvu ukapungua, na Dar es Salaam maji yakawa ya mgawo. Mto huo unaotoka milima ya Uluguru ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu, hapo hapo Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo. Baadaye, nikiandaa tasnifu ya uzamili, nilitaka kuonyesha mto ulikuwa umejaa kiasi gani kabla ya ukame. Nikafungua hazina yangu: picha zaidi ya mia mbili, na hata moja haikunifaa. Hakuna ukingo, hakuna nguzo, hakuna mtu. Maji yale yangeweza kuwa na upana wa mita tano au hamsini, usingejua.

Mtaniambia picha ni sanaa, si ripoti ya mhandisi. Sawa. Lakini hata kisanaa zilikuwa dhaifu, maana jicho halikuwa na cha kupimia. Nguzo ya daraja yenye alama ya maji ya masika yaliyopita ni mstari mzuri kuliko jiwe lolote unalolitafuta kutwa. Ukingo uliopasuka unaliongoza jicho hadi majini bila kulazimishwa. Mtu anayechota anaonyesha ukubwa wa mto, na pia anaonyesha ni wa nani.

Wengine watasema kumweka mama na ndoo ni kuuza umaskini. Ni kweli ukimwiba. Muombe ruhusa, mwambie picha inakwenda wapi, akikataa shusha kamera. Lakini kumfuta hakumpi heshima yoyote; kunamfuta tu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Piga ukiwa chini, karibu na tope. Acha kahawia iwe kahawia. Rudi mahali palepale, kwa lenzi ileile, masika na kiangazi. Na dumu likiingia kwenye fremu, liache.

Mama yule nimerudi kumtafuta mara mbili, sikumpata. Picha bado ninayo. Ukiikuza, pembeni kulia kuna matone ya maji kwenye vumbi, ndoo yake ilipomwagika akinipisha. Hayo nilisahau kuyafuta.